Tarakimu ya Mwisho

Mtambo wa telegrafu wa posta ulianza kugonga saa nane mchana, Tina akiwa amepiga magoti mbele ya jiko la chuma, akichochea kuni. Hakushtuka. Mwaka wa kwanza wa vita kila mlio wa ule mtambo ulikuwa ukimpandisha roho hadi kooni, lakini sasa ilikuwa Oktoba ya mwaka arobaini na nne, na roho nayo huchoka kupanda na kushuka. Alifuta mikono kwenye aproni, akavuta kiti, akachukua penseli, akaandika herufi moja moja kama zilivyokuwa zikiingia.

Bi. D. Gillis, Glen Orran, Cape Breton.

Mkono uliendelea kuandika kabla kichwa hakijaelewa. Waziri wa Ulinzi anasikitika sana kukuarifu. Maneno hayo Tina aliyajua yote. Katika miaka mitano alikuwa ameyapokea mara kumi na moja, na angeweza kuyaandika akiwa amesinzia. Likafuata jina: Askari Angus Gillis. Ikafuata namba yake ya jeshi: F, tano, tisa, mbili, nne. Hapo waya ukaanza kukwaruza. Upepo wa kutoka baharini ulikuwa ukizitikisa nyaya tangu alfajiri, na kwa muda kidogo mtambo ukatoa kelele zisizo na maana, kama meno ya mtu mwenye homa. Ulipotulia, kilichosikika kilikuwa: ameuawa vitani, tarehe kumi na tatu. Kisha kimya.

Tina akaitazama karatasi. Namba ilikuwa na tarakimu nne. Ya tano ilikuwa imepotelea njiani.

Watu wa mbali hawawezi kuelewa habari ya majina ya Glen Orran. Ukirusha jiwe pale litampata Gillis, na likidunda litampata Gillis mwingine. Kwa hiyo jina la ukoo hakuna anayelitumia isipokuwa serikali. Mtu ni wa baba yake, na baba ni wa kazi yake au rangi ya nywele zake. Kulikuwa na Dan Mhunzi, marehemu, mume wa Tina. Kulikuwa na Dan Mwekundu, mume wa Morag, ambaye siku hizi nywele zake zote ni nyeupe lakini jina halikubadilika. Na kila mmoja wa hao Dan alikuwa na mtoto aitwaye Angus. Ukisema Angus tu, hata kanisani, utaulizwa hapo hapo, Angus wa nani?

Jeshi halikuuliza hivyo. Siku wale vijana wawili walipokwenda kujiandikisha, walipanda gari moja na kusimama katika foleni moja, mmoja nyuma ya mwenzake. Karani alipotaka majina kamili, wa kwanza akajitaja yeye, baba yake, babu yake na baba wa babu. Karani akamwambia fomu haina nafasi ya kuandika biblia nzima. Akaandika Angus Gillis, mama Bi. D. Gillis. Wa pili alipofika mezani, akaandika vilevile. Ndivyo Angus wa Tina alivyopata namba inayoishia na sita, na Angus wa Morag akapata inayoishia na saba. Waliporudi nyumbani kuaga walikuwa wakiicheka hadithi hiyo mpaka wakashikilia mbavu.

Tina akagonga kuuliza kituo kikubwa cha Sydney, hapo hapo kisiwani Cape Breton: rudia namba. Jibu likachelewa, kisha likaja: subiri, laini ya Halifax ina matatizo, nitawauliza. Yule mtu wa Sydney Tina hakuwahi kumwona, lakini alimjua kwa mkono wake, mkono mpole, usiopenda kugonga kwa haraka. Yeye alimjua Tina kama kituo tu. Hakujua kwamba kituo chenyewe ni Bi. D. Gillis.

Akakaa. Hakuna kitu kingine cha kufanya. Kawaida, telegramu ya namna hiyo ikija, angefunga dirisha na kuvuka barabara hadi kwa Padri Colin. Ndio ulikuwa utaratibu wa Glen Orran tangu vita vya kwanza, na hakuna aliyewahi kuuvunja. Karatasi huingia mfukoni mwa padri, padri huvaa kofia na kwenda kwa miguu mpaka mlangoni, na Tina humfuata nyuma hatua kumi. Watu wakimwona padri anatembea mchana na kofia yake nyeusi, wanawake husimama madirishani kutazama atakatia kona wapi. Habari ya msiba haikuwahi kutolewa posta. Posta ni mahali pa barua na vifurushi. Lakini Padri Colin alikuwa amevuka ziwa tangu asubuhi kwenda kumzika mtu upande wa pili, na kwa upepo huo mashua isingerudi kabla ya kesho.

Basi Tina akajikuta anafanya jambo ambalo baadaye hakuwahi kuliungama. Aliomba iwe saba.

Hakuomba kwa maneno. Ilikuwa hesabu iliyojipiga yenyewe kichwani. Morag ana watoto saba. Wawili wako migodini Glace Bay, binti yuko Boston, mwingine anasomea upadri. Na mume wake yupo, mzima, anavuta kiko kizingitini. Mimi nina mmoja. Dan wangu alirudi kutoka vita vya kwanza na mapafu yaliyochomwa na gesi, akakohoa miaka kumi, akafa. Mimi nilishatoa. Alipofika hapo aliona aibu, akainuka kuongeza kuni ambazo jiko halikuzihitaji.

Hapo ndipo mlango uliposukumwa, na Morag mwenyewe akaingia.

"Hodi humu, kabla upepo haujanibeba kunirudisha Scotland," alisema. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mnene, shali imefungwa chini ya kidevu, na kwapani amebana kifurushi. "Mbona uso umekukauka hivyo? Umekula leo?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

Tina hakukumbuka. Alikuwa ameigeuza ile karatasi kifudifudi na kuweka kitabu cha stempu juu yake. "Nimekula, Morag. Karibu ukae."

"Nitakaa, si wananiambia nimekula chumvi nyingi, nisisimame." Morag akajishusha kwenye benchi karibu na jiko, akaweka kifurushi magotini. "Keki. Sukari ya mgawo ya miezi mitatu iko humu ndani. Dan amekunywa chai kavu tangu Julai, na kila asubuhi ananikumbusha. Nikamwambia, ukinung'unika tena nitakutia wewe kwenye mkebe nikupeleke Ulaya."

Keki ilikuwa ndani ya mkebe, mkebe umeshonewa ndani ya kitambaa cha gunia la unga. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kupeleka vifurushi vya Krismasi ng'ambo. Morag hakujua kusoma wala kuandika Kiingereza. Kigaeli chake, lugha ya wazee waliotoka Scotland, kilimtosha kwa Mungu na kwa majirani, na yaliyobaki alimwachia Tina. Tina ndiye aliyekuwa akiandika barua zake zote, na anwani zote, kwa penseli ya wino, juu ya kitambaa.

"Andika vizuri namba," Morag alisema, akimkabidhi. "Mwaka jana keki yangu ililiwa na mwanao."

"Alikuandikia kukushukuru."

"Aliandika kuwa ni nzuri kuliko za mama yake. Barua hiyo nimeitunza." Morag akacheka mpaka benchi likalia. "Lakini safari hii nataka wangu aonje. Yule wako atakuwa ameshanenepa. Ataweza vipi kuwakimbia Wajerumani?"

Tina akakiweka kifurushi mezani mbele ya mtambo. Akalowesha ncha ya penseli ulimini. Akaandika F. Akaandika tano, akaandika tisa, akaandika mbili, akaandika nne. Mkono ukasimama.

"Umesahau?" Morag aliuliza.

"Sijasahau."

"Ni saba. Hata mimi nisiyesoma naijua. Wako sita, wangu saba. Dan anasema laiti wangesukumana kidogo kwenye ile foleni, tungekuwa tunapokea barua za mtoto mwingine."

Tina akaandika saba. Aliiandika polepole, akaona kwamba imetoka imepinda, akaikolezea. Mtambo ulikuwa kimya. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasorobo. Alitamani Morag aondoke, na papo hapo alitamani asiondoke, maana katika kijiji kizima huyu ndiye pekee aliyebaki kuja kwake kukaa. Wengine walikuwa wakinunua stempu na kwenda zao. Tina hakuwalaumu. Alijua kwamba akitembea barabarani watu humtazama mikono kwanza, kabla ya uso, kuona kama ameshika karatasi. Siku hizi alikuwa anatembea na kikapu, mikono yote miwili juu ya mpini, ili waone wazi kwamba hana kitu. Mama wa marehemu wa nane hakumsalimia tena hata kanisani. Morag peke yake ndiye aliyesema, siku moja mbele ya watu, kwamba anayemchukia mpiga filimbi kwa sababu ya msiba anaoupigia ni mpumbavu, na akamvuta Tina kwa mkono wakanywe chai.

"Umepata barua?" Morag aliuliza.

"Ya mwezi wa tisa. Wewe?"

"Si ulinisomea wewe mwenyewe, Tina. Jumatatu."

"Kweli. Nilisahau."

Morag akamwangalia sana. "Umechoka wewe. Si uchovu wa leo huo. Hii kazi wangempa mwanamume mwenye roho ngumu. Wangempa Hector wa Daraja, yule hata mama yake alipokufa aliuliza kama chakula kiko tayari."

Tina akatabasamu kidogo, kwa shingo upande. Akachukua mizani, akapima kifurushi, akaandika uzito kwenye karatasi ya forodha. Karatasi ilitaka kujua kilichomo. Akaandika keki, soksi jozi mbili, sigara.

"Na aina ya soksi waandikie," Morag alisema. "Waambie zina kisigino cha kufumwa mara mbili. Wangu ana miguu ya baba yake, anatoboa soksi kama panya. Aliniambia huko Uholanzi kote ni maji. Wanalala ndani ya maji, wanakula ndani ya maji. Nikasema, basi nimezaa samaki." Akavuta uzi wa shali. "Wewe huwa unafikiri nini, Tina? Ukiwa peke yako humu, na hicho kidude kikianza?"

"Sifikirii. Naandika."

"Mimi nikimwona Padri amevaa kofia huwa naingia zizini. Naenda kwa ng'ombe. Nasema, asiponikuta nyumbani hawezi kuniambia. Mtu mzima na akili zangu." Akatikisa kichwa. "Jana alipita hadi kwenye kona yetu. Nikakaa zizini mpaka Dan akaja kuniita, kumbe Padri alikuja kuomba mbegu za viazi. Leo angalau najua amevuka ziwa. Leo nimelala usingizi wa mchana, mara ya kwanza tangu Juni. Siku ambayo Padri hayupo ni sikukuu yangu."

Tina akainamisha kichwa juu ya karatasi ya forodha ili uso wake usionekane. Alitaka kusema. Angeweza kusema, Morag, kuna telegramu hapa chini ya kitabu cha stempu, ni ya mmoja wetu, tusubiri wote wawili. Huenda hivyo ndivyo ilivyokuwa haki. Lakini kama ni sita, atakuwa amemtesa bure mwanamke aliyelala usingizi mmoja tu tangu Juni. Na kama ni saba, bora apate dakika chache zaidi. Hayo ndiyo aliyojiambia. Ukweli mwingine, uliokuwa chini ya huo, ni kwamba hakuwa na nguvu ya kuyasema kwa sauti.

"Tia muhuri basi, niende," Morag alisema. "Dan atakuwa amelala na jiko limezima."

Tina akauchukua muhuri. Akaugonga kwenye wino. Na mtambo ukaanza.

Sydney ilikuwa inaita. Tina akauweka muhuri chini, akajibu, tayari. Morag akanyamaza kwa heshima, kama anyamazavyo mtu wakati wa sala asizozielewa. Alikuwa ameuona mtambo ukifanya kazi mara nyingi, ukileta habari za bei ya samaki, za meli, za harusi za Boston. Hakuwa na sababu ya kuogopa. Padri alikuwa ng'ambo ya ziwa.

F, ule mkono mpole uligonga. Tano. Tisa. Mbili. Nne.

Kila anayejua mtambo, na alama za Morse za Kimarekani zilizotumika kwenye nyaya hizo, anajua kwamba tarakimu hizi mbili hazifanani hata kwa mlio wa kwanza. Sita ni nukta tupu, milio mifupi sita inayofuatana. Saba huanza kwa mrefu. Tina hakuwa anavuta pumzi. Upepo ulikuwa unavuma nje, kuni zilikuwa zinapasuka, na ule mlio ukaja, ukakaa, ukarefuka.

Mrefu. Na mwingine mrefu. Kisha mifupi miwili.

Saba.

Yuko hai. Hilo ndilo neno la kwanza lililompitia, na lilipita lenyewe bila ya kubisha. Angus wangu yuko hai. Damu ikamrudi mikononi, na machozi ambayo hakuyatoa hata siku moja kati ya siku zile kumi na moja yakamtoka yote kwa pamoja. Alijaribu kujikaza akashindwa. Aliweka paji la uso juu ya meza, karibu na kifurushi, akalia kwa furaha, na furaha ile ilikuwa inamuuma kuliko jeraha.

Alimsikia Morag akiinuka kutoka kwenye benchi. Alisikia hatua zake nzito. Kisha Morag akafanya jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kulifanya: akafungua kile kilango kidogo cha kaunta, akaingia upande wa ndani, akamwinua Tina kwenye kiti na kumkumbatia.

"Ni yeye?" Morag aliuliza taratibu. "Ni Angus?"

Tina akaitikia kwa kichwa.

"Maskini mtoto wangu. Maskini wee." Mikono ya Morag ilinukia maziwa na moshi. "Na Padri hayupo. Hata mtu wa kukushika huna, umeletewa na chuma hicho peke yako. Lia. Usijikaze, Tina, umejikaza miaka mitano kwa ajili ya watu wengine. Lia."

Hapo Tina akaelewa. Katika Glen Orran msiba wa mtu huja na kofia ya padri, huja mlangoni kwake. Hakuna anayeupata posta isipokuwa mwenye posta. Kwa Morag, machozi ya Tina humu posta yangeweza kuwa ya Angus mmoja tu, Angus wa Tina.

Alipaswa kusema hapo hapo. Lakini kifua cha Morag kilikuwa na joto, na hakuna mtu aliyemshika Tina namna hiyo tangu Dan Mhunzi afe. Akasema moyoni, nijiachie kidogo. Akajiachia.

"Leo utalala kwangu," Morag alikuwa akisema, akimpigapiga mgongoni, taratibu, kama anavyopigwa mtoto aliyepaliwa. "Dan atakwenda kumwambia Padri kesho mashua ikirudi. Tutakesha wote. Nitatengeneza chai, nitakwangua sukari kwenye kopo. Na sikiliza, Tina, sikiliza hili. Hakuwa peke yake. Hawakuachana hata siku moja hao wawili. Angus wangu alikuwa naye. Angus wangu alimshika mkono, mimi najua, namjua mwanangu. Atatuandikia, na wewe utanisomea, na tutajua kila kitu."

"Morag," Tina alisema.

"Nipo. Siendi popote."

"Morag, niache nikuangalie."

"Baadaye utaniangalia. Lia kwanza."

Tina akajitoa kidogo kifuani mwake, kiasi cha kuona sikio la Morag na shali iliyolegea. Hakuthubutu kutazama juu zaidi. Kwa miaka mitano alikuwa amesimama hatua kumi nyuma ya mtu mwingine, na sasa aligundua kwamba hajui Padri huanza na neno gani.

"Siyo wangu," alisema. "Ni Angus wa Dan Mwekundu."

Mkono wa Morag uliendelea kumpigapiga mgongoni, mara tatu, mara nne, kwa utaratibu ule ule, kama kwamba wenyewe ulikuwa haujapata habari. Kisha ukaacha.